Pumzi Arobaini na Sita

Wodi ya Watoto Wachanga
Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu Njiti,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako imenichosha. Nikianza tu kusema "wodi", wewe unasema "dada niko kikaoni", tii, imekata. Barua haina kitufe cha kukatia. Nimempa Breki, dereva wetu wa sampuli za maabara, maana anakuja huko makao makuu kila Jumanne na Ijumaa, na ameniapia kwamba ataiweka mkononi mwako, si mapokezi.

Kwanza hongera. Cheti chenu cha nyota tano kimefika, kina kioo na fremu, na mganga mkuu amekipigilia misumari mlangoni kwa mkono wake mwenyewe. Wodi bora ya watoto wachanga, alama tisini na saba kwa mia. Tukapiga makofi. Halafu katibu wa hospitali akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba wale wauguzi wawili tulioahidiwa hawaji tena, kwa kuwa wodi ya nyota tano haina shida. Nilikuwa bado nimeshika soda ya sherehe, nikaiweka chini.

Njiti, ulikuwa muuguzi kabla hujawa mkaguzi wa ubora, kwa hiyo hesabu hii utaielewa. Leo nina watoto thelathini na mmoja. Kila mmoja apimwe kila baada ya saa tatu: joto, mapigo ya moyo, pumzi. Na pumzi za kichanga huwezi kuhesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, zinarukaruka, lazima dakika nzima, jicho moja kwenye saa na jingine kifuani kwake. Mtoto mmoja ni dakika tano ukienda mbio. Thelathini na mmoja ni saa mbili na dakika thelathini na tano. Nikimaliza wa mwisho, zimebaki dakika ishirini na tano nirudi kwa wa kwanza. Humo humo niwalishe kwa mrija, nichome sindano, nibadilishe dripu, nimtulize mama anayelia, na nikijaliwa niende haja. Zamu ya mchana niko peke yangu. Muuguzi mwenzangu Mrefu anashika ya asubuhi, naye yuko peke yake vilevile.

Sitaki wawili. Nipe mmoja tu, wa mchana. Wewe ndiye unayeandika ile orodha ya wodi za kuongezewa watu, usiniambie huwezi. Kuna mtoto atanifia mikononi, Njiti, na ninaogopa kila ninapofungua ule mlango wenye cheti.

Dadako,
Dada Saa
(Akina mama bado wananiita hivyo, kwa hii saa yangu ya kubandika kifuani.)


Ofisi ya Ubora wa Huduma
Ijumaa, 7 Machi

Dada, shikamoo.

Breki amenipa barua mbele ya watu wote, akasimama hapo mpaka nikaifungua. Umemlisha nini huyo?

Nilikuwa kikaoni kweli. Tunapitia matokeo ya ukaguzi, na wodi yako imetajwa kama mfano mara tatu. Nilijisikia fahari, nikatamani kusimama niseme huyo ni dada yangu, aliyenifundisha kushika kipimajoto. Sikusema, maana wangedhani nimekupendelea.

Sasa hilo la muuguzi. Orodha siipangi kwa mapenzi yangu. Wodi inayopata chini ya alama sitini inaingia orodha nyekundu, na ya orodha nyekundu ndiyo inayoongezewa watu. Wewe una tisini na saba. Nilijaribu, wallahi nilijaribu. Nilimwambia mkuu wetu (tunamwita Bwana Asilimia, lakini usije ukaropoka) kwamba mzigo wenu ni mkubwa. Akafungua faili lenu, akaniwekea chati mezani moja baada ya nyingine. Hakuna kisanduku kitupu hata kimoja. Akasema, "Mama, hawa wanawapima watoto wote kwa wakati wake. Wakiongezewa mtu watampa kazi gani?" Fomu inauliza kama chati imejaa, na zenu zimejaa.

Kama kuna jambo kuhusu hizo chati ambalo silijui, dada, fikiria sana kabla ya kuniambia. Mimi ni mkaguzi. Nikishajua, nimejua.

Mdogo wako,
Njiti


Wodini
Jumanne, 11 Machi

Njiti,

Nimefikiria siku nne, usiku na mchana. Sasa ujue.

Tunazipika. Mwisho wa zamu tunakaa kwenye lile benchi karibu na sinki, tunagawana mafaili, tunajaza visanduku ambavyo hatukupata muda wa kuvipima. Tunaandika namba nzuri. Joto thelathini na sita nukta nane. Pumzi arobaini na sita. Mimi napenda sana arobaini na sita, haiko juu, haiko chini, haimshtui mtu. Na usijitie mgeni, kwa sababu ulipokuwa mwanafunzi kwenye wodi yangu ulikaa kwenye benchi hilohilo, na kalamu nilikupa mimi.

Alhamisi iliyopita nilimkuta mtoto wa kitanda cha tisa amekuwa wa bluu. Bluu kabisa, midomo na kucha. Nikamsugua mgongo, nikampa hewa kwa mfuko, akarudi, akalia kwa hasira kama mtu aliyeamshwa vibaya. Baadaye nikafungua chati yake. Kwa zamu mbili nzima hakuna aliyemgusa kumpima, lakini kwenye karatasi alikuwa anapumua arobaini na sita, arobaini na sita, arobaini na nne. Tuliandika nne pale tusije tukaonekana tunakariri. Nilikaa sakafuni, Njiti.

Sikufanya kwa uvivu. Nilianza mwaka ule wa ukaguzi wa kwanza, tulipopewa karipio la maandishi kwa visanduku vitupu. Hakuna aliyeuliza kwa nini ni vitupu. Tukajifunza kuvijaza, tukawa hodari, na uhodari wetu ndio umetunyima muuguzi. Nimejichimbia shimo mwenyewe kwa kalamu ya bluu.

Ndani ya bahasha kuna barua nyingine, ya kwa Bwana Asilimia wenu. Nimeeleza kila kitu, nimeweka jina langu kamili, namba yangu ya leseni na sahihi. Mrefu sikumtaja, ana wadogo zake wanaomtegemea, naye alinifuata mimi. Ipeleke. Wazing'oe nyota, watuingize orodha nyekundu. Wakinifukuza, na wanifukuze, mradi huyo mtu wa mchana aje.

Dadako


Ofisini
Ijumaa, 14 Machi

Dada, shikamoo.

Barua zote mbili nimezipata. Ile ya pili nimeifikisha panapostahili.

Tafadhali usiandike nyingine kama hiyo, na usimwambie mtu yeyote, hata Mrefu. Endeleeni na kazi kama kawaida. Mambo haya yana taratibu zake.

Njiti


Wodini
Jumanne, 25 Machi

Njiti wangu,

Kimya chako kinanitisha. Breki akiingia getini ninachungulia dirishani nione kama amekuja na mtu. Ijumaa aliteremka na mwanamke aliyebeba begi, nikatupa taulo nikakimbia hadi ngazini. Kumbe ni fundi wa jokofu la chanjo. Nilimkumbatia kabla hajajitambulisha, maskini, akabaki ameduwaa na bisibisi yake.

Nimepigilia ndoano ya tatu ukutani, ya kutundikia koti la mgeni wetu. Mrefu ananiuliza ya nani. Namwambia ya Breki.

Tumeendelea kujaza chati, kwa kuwa ulisema kama kawaida. Lakini siku hizi kisanduku cha pumzi nakiacha cha mwisho. Watoto sasa ni thelathini na wanne. Juzi wamezaliwa pacha, wa kike na wa kiume, kabla ya siku zao, kilo moja na kidogo kila mmoja. Njiti kama wewe. Mama yao ni fundi cherehani, mdogo wa umbo, hakai chini. Kila kitu anataka kujua. Hii dripu ya nini, hii namba maana yake nini, arobaini na sita ni nyingi au kidogo? Nikamwambia, ni nzuri. Akasema, "Alhamdulillahi." Sikuweza kumtazama.

Bwana Asilimia amesema nini? Nimesimamishwa au bado? Hata kama ni habari mbaya niambie, nishukuru.

Dadako


Ofisini
Ijumaa, 28 Machi

Dada, shikamoo.

Pole kwa kusubiri. Kikao kimeahirishwa, mkuu amesafiri. Unajua ofisi zetu zinavyotembea. Jambo lako liko mahali salama, wala usiwe na wasiwasi na leseni yako. Imebaki miaka mitatu tu ustaafu, dada. Miaka mitatu si mingi. Kula vizuri, ulale.

Njiti


Wodini
Jumanne, 8 Aprili

Njiti,

Amekufa.

Yule pacha wa kike. Jana, mchana kweupe, saa nane na robo. Nilikuwa mwisho wa wodi, kitanda cha thelathini, namwingiza mtoto mrija wa kulishia. Kutoka pale huoni kitanda cha nne, nguzo inakinga. Mama yake alikuwa ametoka kukamua maziwa. Aliporudi alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Sista, mbona huyu ametulia?" Nilijua kabla sijafika. Nilimpa hewa kwa dakika ishirini na mbili. Saa ilikuwa kifuani kwangu, ninazijua vizuri.

Sasa sikiliza, maana sijamaliza.

Mrefu alipokuwa ananikabidhi zamu saa saba, aliniona nimechoka, akanionea huruma. Kabla ya kuondoka akanijazia safu yote ya saa tisa kwenye vitanda kumi vya mwanzo, anipunguzie kazi. Tumewahi kufanyiana hivyo. Sikujua kwamba jana amefanya.

Yule mama hakulia. Alisimama, akachukua faili miguuni pa kitanda, akaanza kusoma kwa kidole, kama anavyosoma kila siku. Akageuza kichwa, akatazama saa ya ukutani, akarudi kwenye karatasi. Akaniuliza, "Sista, sasa hivi si saa nane na nusu?" Nikasema ndiyo. "Na hapa pameandikwa saa tisa. Saa tisa mwanangu anapumua arobaini na sita."

Akaninyooshea faili nimsomee, labda yeye amekosea. Alikuwa anataka niseme amekosea, Njiti. Alinitazama kama mtoto anayesubiri kuambiwa. Nami nimesimama na koti langu jeupe na cheti chenu nyuma yangu.

Ndugu yake wa kiume yu hai, wamewekwa mbalimbali tangu wazaliwe, alikuwa kitanda cha tano. Mama yake amevuta kiti hapo, haniruhusu nimguse bila yeye kuona.

Nieleze jambo moja tu. Barua yangu ya tarehe kumi na moja, uliifikisha kwa nani? Leo nimempigia katibu wa Bwana Asilimia. Anasema mkuu hajasafiri popote tangu Januari.

Dada


Ofisini
Ijumaa, 11 Aprili

Dada,

Iko kwenye droo yangu. Chini ya stepla na kisanduku cha pini. Niliiweka siku ileile Breki alipoileta, nikafunga kwa ufunguo. Hapo ndipo nilipopaita panapostahili.

Nilisema nakulinda wewe. Nilijiona nakulinda kweli. Nilikuwa nakuona umevuliwa koti mbele ya baraza la wauguzi, wewe uliyevaa koti hilo tangu sijaanza shule, nikasema haiwezekani, si kwa mkono wangu. Niliomba miaka mitatu ipite. Nilijiambia nitatafuta njia nyingine ya kuwaletea mtu, nitabembeleza, nitabadilisha fomu mwakani.

Lakini usiku wa jana sikuweza kujidanganya tena. Ile fomu niliitunga mimi, dada. Swali la "chati imejaa?" ni langu. Nililiandika nikijua zinavyojaa, kwa sababu nilikaa kwenye benchi lile. Barua yako ingesomwa, swali la pili lingekuwa nani alitunga huu upuuzi. Nilijilinda mimi. Siku ishirini na saba barua ilikaa kwenye droo kabla mtoto hajafa. Muuguzi wa dharura huletwa kwa siku kumi.

Sijui niandike nini. Nisamehe. Najua neno lenyewe halifai, sina jingine.

Njiti


Jumanne, 15 Aprili

Usiniombe msamaha mimi. Kamwombe mama aliyekaa kando ya kitanda cha tano.

Mama yetu alipokufa ulikuwa na siku tatu, na kilo moja na nusu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikufunga kifuani kwa shuka siku arobaini, nalala nimekaa, nahesabu pumzi zako kwa sababu niliambiwa ukinyamaza nikutikise. Hakuna aliyenipa karatasi ya kujaza. Nilikuhesabu nikuweke hai. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi hii, na ndiyo niliyokuja kuichafua kwa kalamu. Nimekosa mimi kwanza, silikwepi.

Lakini nilipofungua mdomo nikiri, wewe ndiye uliyeuziba. Ukaniambia nile vizuri nilale.

Fungua hiyo droo. Ukisoma hapa barua bado imo, usiniite dada.


Ofisini
Ijumaa, 25 Aprili

Dada, shikamoo. Najua huenda usiitikie.

Niliipeleka siku hiyohiyo saa nne, pamoja na karatasi yangu mwenyewe yenye kuelezea fomu na droo. Bwana Asilimia alisoma zote akiwa amesimama. Matokeo utayapata kwa barua rasmi, lakini heri uyasikie kwangu.

Nyota zimeondolewa. Alama mpya ni arobaini na moja. Wodi imeingia orodha nyekundu. Muuguzi mmoja wa dharura ameidhinishwa.

Na wewe umesimamishwa kazi mpaka baraza likae.

Umeelewa, dada? Wameleta mmoja, wameondoa mmoja. Niliwaambia, idadi imebaki ileile. Nilipiga meza. Niliwachorea ile hesabu yako ya dakika tano ubaoni, saa mbili na dakika thelathini na tano, na sasa watoto wameongezeka na hesabu imekwisha kupita hapo. Bwana Asilimia akasema nafasi ya wodi hiyo imeshajazwa, tuendelee na ajenda. Wakaendelea. Nilitoka nje nikalia chooni kama mwanafunzi.

Mimi wamenipa onyo tu. Fomu itapitiwa upya. Nimewaandikia kwamba huyo muuguzi wa dharura niwe mimi. Hawakubisha, nadhani walifurahi kuniona naondoka.

Naanza Jumatatu. Najua sijashika kichanga miaka tisa.

Njiti


Wodini
Ijumaa, 2 Mei

Dada, shikamoo.

Breki amenipa saa yako, umeifunga kwenye soksi. Hukuweka hata neno moja, lakini ulikuwa umeitia betri mpya. Nimeibandika kifuani upande wa kushoto kama wewe. Koti langu nimelitundika kwenye ndoano ya tatu. Mrefu aliniambia ilikuwa ya Breki, nikamwacha aamini.

Zamu ya mchana niko peke yangu. Watoto thelathini na watatu. Jana safu ya saa tisa nilifikia kumi na tisa. Kumi na wanne sikuwafikia, na kwenye kila kisanduku chao nimeandika "haikupimwa", kwa wino, na sahihi yangu. Mrefu anafanya hivyo pia, ingawa mara ya kwanza alilia. Chati zetu sasa zinatisha kuzitazama. Leo asubuhi Bwana Asilimia kapiga simu, anauliza kwa nini wodi imeshuka hadi ishirini na tisa wakati ameshaongeza mtu. Nikamwambia niko wodini, nikakata.

Wa kitanda cha tano yuko hai. Kilo moja na gramu mia sita. Mama yake hakunisemesha siku tatu. Jana saa kumi na mbili jioni nilipofika kumpima, alisogea nikae kwenye kiti chake, akainama karibu kabisa, macho kwenye saa yako. Nikahesabu dakika nzima. Nikahesabu vizuri, dada, midomo yangu inatembea ili aone.

Zilikuwa arobaini na sita.

Nilitamani ziwe namba nyingine yoyote. Nilishika kalamu sikuandika. Akaniuliza ni ngapi, nikamwambia. Akatazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Arobaini na sita.

"Hesabu tena, sista."

Nikahesabu mara ya tatu, naye akihesabu kwa sauti pamoja nami, huku vitanda ishirini na nane vikinisubiri.

Mdogo wako,
Njiti